Raleigh ya 1962 yarudi barabarani: shajara ya mradi, Tanga

Machi, mwishoni

Mradi umeanza. Nataka baiskeli moja ya chuma, ya zamani, ya bei ninayoimudu, inipeleke kazini kila asubuhi kutoka Mabawa hadi karibu na bandari, na masika yakiisha inibebe na mizigo yangu hadi Pangani, nivuke mto, niendelee kusini hadi Kipumbwi. Sitaki mbili. Moja ifanye kazi zote.

Kabla ya kwenda kutazama baiskeli yoyote nilijiwekea sharti: kitu kikinivunjikia njiani, fundi wa Kipumbwi aweze kukitengeneza au duka la Kipumbwi liwe nacho. Sharti hili linaanzia kwenye tairi. Nenda kijiji chochote cha pwani hii, tairi linaloning'inia kwenye boriti ya duka, juu ya ndoo na makubazi, ni la inchi 28 kwa 1½, maana ndilo la Phoenix, Hero, Avon na baiskeli zote nyeusi za namna hiyo. La pili ni la inchi 26 pana, la zile tunazoziita za mlima. Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu.

Nayasema haya kwa sababu kwenye mitumba ya Ulaya kuna baiskeli za mbio zinazotia tamaa kweli. Fremu nyepesi za miaka ya 1980, nyingine zina kibandiko cha Reynolds 531, bomba lililotoka mwaka 1935 na ambalo wajuzi wa baiskeli wanaliheshimu hadi leo. Lakini tairi zake ni za 700 nyembamba au za 27 kwa 1¼, na hizi za 27 hata hapa mjini utaziulizia duka kwa duka. Wala usidhani 27 kwa 1¼ itaazimana na 28 kwa 1½. Pale tairi linapokaa kwenye ringi, ya kwanza ina kipenyo cha milimita 630 na ya pili 635. Tofauti ni milimita 5, na tairi halikai.

Kwa hiyo nimetafuta nyeusi ya 28. Nimeipata Makorora, kwa mzee mmoja aliyeiegemeza ukutani chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukitazama kile chuma?"

Ilikuwa ya kaka yake marehemu, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mbele ina nembo ya Raleigh yenye kichwa cha korongo. Breki ni za fito, madigadi yote mawili yapo, keria ipo, siti imepasuka katikati. Nilipofuta vumbi kwa kidole kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, nikaona maandishi ya Sturmey-Archer, kiwanda cha Nottingham, Uingereza, herufi AW, ambazo ni aina ya habu, na namba 62 na 7. Habu hizi zinagongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa kwake. Julai 1962, Tanganyika haijatimiza hata mwaka tangu uhuru.

Baiskeli nyingi za aina hii zilizoletwa huku hazina gia. Hii ina gia 3 ndani ya habu. Nikampa mzee shilingi 70,000 bila kuvutana naye sana, nikaisukuma hadi nyumbani kwa sababu magurudumu yalikuwa yamegoma kuzunguka.

Aprili, mvua

Mvua inanyesha kutwa, nzuri kwa kazi ya ndani. Kwanza fremu. Mambo mengine yote yana dawa, lakini fremu iliyooza haina.

Hewa yetu ya chumvi inakula chuma kutokea ndani, kwa hiyo rangi ya nje haikuambii kitu. Nimetoa siti na nguzo yake, nimeigeuza fremu juu chini na kuigonga taratibu. Ukoga wa kutu ulimwagika kiasi cha kijiko, ukakoma. Nimemulika tochi ndani ya bomba la siti hadi chini kwenye nyumba ya ekseli ya pedeli, mahali ambapo maji yote ya fremu huishia. Pana kutu ya juujuu, hapana tundu. Kwenye viungo nimepitisha ukucha pande zote kutafuta ufa. Viungo vya Raleigh hizi vimeunganishwa kwa shaba, na shaba hiyo ndiyo sababu fundi wa gesi yeyote mwenye fimbo za shaba anaweza kuufungua mshono na kuufunga upya bila kuliunguza bomba. Kulehemu kwa umeme ni jambo jingine. Mabomba haya ni membamba, na fundi asiyeyazoea atakutobolea.

Kisha nimepima mnyooko kwa uzi. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa nyuma unaoshika ekseli, uvute mbele, uzungushe kwenye bomba la usukani, urudishe hadi mdomo wa pili, ukaze. Halafu pima umbali kati ya uzi na bomba la siti, kushoto na kulia. Fremu iliyonyooka inatoa kipimo kimoja pande zote. Yangu imetoa tofauti ya milimita 4. Pengine ilianguka na gunia miaka hiyo.

Fundi wa Mabawa alikuja, akaupima uzi mwenyewe, akaweka ubao mnene kati ya bomba za nyuma, akavuta mara moja kwa nguvu za mwili mzima, akapima. Akavuta tena kidogo. Uzi ukakubali pande zote. Haikuhitaji moto. Alumini usingeithubutia hivyo. Chuma kinapinda, na kikipinda kinarudishwa na kinadumu. Nimewahi kusikia watu wakisema baiskeli ya chuma ni nzito ya kizamani. Uzito upo, hii nikiinyanyua ikiwa nzima naona inakaribia kilo 20. Lakini huo ndio uzito wa kitu ambacho watu wawili wamekinyoosha barazani kwa ubao.

Ndani ya mabomba nimemimina oili, nimeizungusha fremu ili oili ipite kila pembe, nimeiacha ichuruzike usiku kucha juu ya gazeti. Chini ya nyumba ya ekseli ya pedeli nimetoboa tundu dogo la kutolea maji. Rangi sigusi. Rangi ya 1962 imechakaa lakini bado imeshika, na fedha ya rangi ina kazi nyingine.

Aprili, bado mvua

Leo habu. Nimeingojea siku hii.

Nilipoizungusha kwa mkono ilikuwa nzito kama uji uliopoa, na kwenye gia ya kwanza ilikuwa inaruka: unakanyaga, inashika, inaachia, inashika. Watu wakiona hivyo huitupa habu na kuweka friwili ya kawaida. Nawaomba wasiitupe. Mara nyingi hakuna kilichovunjika.

Ndani yake kuna meno yanayozungukana. Katikati, kwenye ekseli, kuna meno 20 yasiyozunguka. Yamezungukwa na vijigurudumu 4 vya meno 20 kila kimoja, na vyote viko ndani ya pete ya meno 60. Ukiikanyagia nguvu ile nyumba ya vijigurudumu, pete inazunguka mara 4 kwa kila mizunguko 3 yako, ndiyo gia ya 3. Ukiikanyagia pete, nyumba ya vijigurudumu inazunguka mara 3 kwa kila mizunguko 4 yako, ndiyo gia ya 1. Gia ya 2 ni moja kwa moja, mzunguko kwa mzunguko. Hesabu imefungwa kwenye meno yenyewe, ndiyo maana AW, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, haikuhitaji kubadilishwa sana kwa miongo iliyofuata.

Kinachoshika na kuachia ni vijino vidogo vyenye springi nyembamba kama unywele. Oili ya miaka mingi ikigeuka gundi, vijino vinalala na haviinuki. Nimefungua upande wa kulia, ile pete kubwa inayobeba gololi, kwa nyundo na tindo butu. Kabla ya kuilegeza nimeweka alama kwenye pete na kwenye ganda kwa msumari, kwa sababu uzi wake wa kukazia una mianzo miwili, na vizuri irudi palepale ilipotoka. Ndani palikuwa na tope la kahawia linalonuka mafuta ya zamani. Nimetia kila kitu kwenye sufuria la mafuta ya taa, nikasugua kwa mswaki. Kijino cha kwanza kiliposafika, nilikibonyeza kwa kucha, kikarudi juu chenyewe na mlio mdogo. Vyote 4 vimerudi. Meno hayana hata kovu. Miaka 60 na zaidi, na alama za mashine ya Nottingham bado zinaonekana ubavuni mwa pete.

Kuhusu oili: ndani ya habu hii isiwekwe grisi. Grisi ndiyo inayolaza vijino. Nimetia oili nyepesi ya injini, SAE 30, kijiko kimoja kupitia kile kikofia kidogo kwenye ganda, na nitaongeza matone kila baada ya wiki chache. Grisi inakaa kwenye gololi za pembeni peke yake. Na mafuta ya kupikia, ambayo nimeona watu wakiyatumia, yanageuka gundi upesi kuliko kitu chochote.

Kosa jingine ni kulaumu habu wakati kebo ndiyo haijarekebishwa. Ukiweka gia ya 2 na kuchungulia kwenye nati ya kulia yenye dirisha, bega la kile kifimbo chenye mnyororo mdogo linapaswa kuwa sawasawa na ncha ya ekseli. Lisipokuwa hivyo, habu inaweza kuingia kati ya gia ya 2 na ya 3, mahali ambapo haishiki chochote, pedeli zinazunguka hewani. Kama ulikuwa umesimama juu ya pedeli, utaumia.

Mnyororo mdogo wa asili umekatika. Binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza, ameniahidi kununua miwili na kuituma na mgeni anayekuja. Kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kilifungwa mwaka 2000 na jina likanunuliwa na SunRace wa Taiwan, lakini vipuri vya AW vinaendelea kupatikana.

Je, sharti langu la Kipumbwi linasemaje hapo? Mnyororo huo hautauzwa Kipumbwi. Lakini ukikatika, habu inaangukia yenyewe gia ya 3 na baiskeli inaendelea kwenda. Nitatembea na wa akiba, na ukikosekana nitafika kwa gia ya 3, ilimradi gia hiyo isiwe nzito kupita kiasi. Hilo nalitafutia dawa.

Mei, mwanzoni

Mikono ya pedeli imefungwa kwa kotapini, pini za chuma zinazoibana kwenye ekseli. Fundi mwenye haraka hugonga pini kwa nyundo, pini inapinda kichwa, ekseli inapata kovu, gololi zinatoboa vikombe vyake. Tumezitoa kwa jiliwa: kipande cha bomba upande mmoja, taya la jiliwa upande wa pili, ukakaza hadi ukasikia mlio. Pini zote mbili zimetoka nzima. Nimeweka mpya za Phoenix baada ya kuzipunguza uso bapa kwa tupa hadi mikono miwili ikakaa mstari mmoja. Zinaingizwa zikielekeana kinyume, la sivyo pedeli moja itakuwa mbele ya mwenzake.

Onyo kwa mwenye Raleigh ya zamani: vikombe vya ekseli ya pedeli usivitupe hata kama vina mikwaruzo. Raleigh ilikata uzi wake wa kukazia yenyewe, nyuzi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Kikombe cha Hero kitaanza kuingia, utafurahi, kisha kitakaza katikati na kuharibu nyumba yake. Vyangu ni vizima. Gololi 11 mpya za robo inchi kila upande, grisi, basi.

Mei, katikati

Magurudumu. Hapa ndipo fedha nyingi imekwenda na siijutii.

Ringi zote mbili zilikuwa zimeliwa kwenye matundu ya spoku, ukibonyeza kwa bisibisi unasikia kutu inavunjika. Na hapa ndipo nimezidi kushukuru kwa kuchagua nyeusi ya 28. Waingereza walikuwa na desturi ya spoku 32 mbele na 40 nyuma, na watengenezaji wa India na China walioiga umbo hili waliiga na hesabu hiyo. Kwa hiyo habu ya Nottingham ya 1962 yenye matundu 40 imeingia bila shida kwenye ringi mpya ya nyeusi niliyoinunua Ngamiani, dukani, kutoka kwenye rundo. Ringi mbili 36,000, spoku 16,000, tairi na tyubu zake 44,000. Urefu wa spoku nimepima kwa ile ya zamani niliyoinyoosha, maana seti ya kawaida ya dukani ni ya habu nyingine.

Fundi wa Mabawa amesuka la nyuma, mimi nimesuka la mbele akiniangalia. Anakaza kwa sikio. Anapiga spoku mbili jirani kwa kucha, anasikiliza, anaongeza robo mzunguko, anapiga tena. Upande wa gia spoku zinalia juu kidogo kuliko upande wa pili na ndivyo inavyotakiwa. Alipomaliza aliliweka gurudumu chini, akalikandamiza ubavu kwa viganja viwili kuzunguka lote, spoku zikalia kwa kujipanga, akarudia kukaza. Hatua hiyo ikirukwa, gurudumu linalegea wiki ya kwanza.

Mei, mwishoni

Gia. Mbele ina meno 48, nyuma ilikuwa na 18. Kwa gurudumu hili mzunguko mmoja wa pedeli kwenye gia ya 2 ulikuwa unasogeza baiskeli karibu mita 6, gia ya 3 mita 8, gia ya 1 mita 4.5. Mita 8 ni za mtu anayeshuka mlima na upepo mgongoni. Mtu mwenye mizigo dhidi ya kusi anataka gia ya 1 iwe chini zaidi ya hapo.

Sproketi ya AW hii, yaani lile gurudumu la meno la nyuma, imeshikwa na pete ya waya tu, na ina vijino 3 vya kuikalisha. Habu za Shimano za gia 3, zinazokuja kwenye mitumba ya Ulaya, zinatumia umbo hilohilo. Nimemuuliza muuza skrepa mmoja, akanionyesha baiskeli ya mjini ya Kizungu iliyopondwa fremu, sproketi yake meno 22. Shilingi 5,000. Imeingia kama imezaliwa hapo. Sasa gia ya 1 ni mita 3.7, ya 2 ni mita 4.9, ya 3 ni mita 6.5. Na gia ya 3 ikiwa hivyo, hata mnyororo mdogo ukikatika Mwera, tambarare yote ya pwani inapitika.

Kwenye baiskeli hiyohiyo ya skrepa palikuwa na habu ya mbele yenye breki ya ndani, ile isiyojali maji. Nilihesabu matundu: 36. Ringi yangu ina 32. Nikaiacha.

Juni

Breki nitazieleza bila kupamba. Breki za fito zinavuta raba juu dhidi ya tumbo la ringi, na ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa inateleza. Nimesafisha kila kiungo cha fito, nimetia oili, nimeondoa mchezo wote, nimeweka raba mpya za dukani badala ya vile vipande vya tairi alivyokuwa ameweka mtu. Pakavu zinashika vizuri, kwa upole lakini kwa uhakika. Pakilowa, unaanza kushika mapema, mzunguko wa kwanza unafuta maji, wa pili ndio unapunguza mwendo. Kwa Tanga mjini na barabara ya Pangani, zinatosha. Kwa Amani au Lushoto, na mizigo, sitaipeleka baiskeli hii, na simshauri mtu aipeleke. Mteremko wa Usambara unahitaji breki nyingine na baiskeli nyingine.

Siti ilikuwa Brooks, chuma chake kizima na springi zake nzima, ngozi imekufa. Fundi viatu wa sokoni Mgandini alilowesha ngozi nene ya ng'ombe, akaivutia juu ya chuma, akaifunga kwa kamba ya mpira hadi ikakauka na umbo, kisha akaipiga ribiti. Mbele amekunja ukingo na kuupitisha gundi na uzi, kitu ambacho sikumwomba. Shilingi 20,000. Wiki mbili za kwanza ilikuwa ngumu, sasa imeanza kunijua.

Keria ya nyuma nimeongezewa miguu miwili kwa gesi na shaba, 15,000. Fundi cherehani amenishonea mifuko miwili ya turubai inayoning'inia chini kabisa pembeni. Mzigo ukikaa chini baiskeli haiyumbi. Watu wetu wanaobeba mkaa na maziwa wanalijua hilo, madumu yao yako karibu na ekseli siku zote. Juu ya keria nafunga kwa mipira ya tyubu, hakuna kamba inayoishinda.

Juni, kila siku

Naiendesha kazini. Kinachonifurahisha zaidi ni kusimama kwenye makutano, kubadili gia nikiwa nimesimama, na kuondoka kwa gia ya 1. Baiskeli zenye gia za nje haziwezi hilo. Mnyororo una madigadi na haurushi oili kwenye suruali. Umbo lake refu linameza mashimo, usukani hautetemi. Baada ya siku chache za mwanzo nimekaza kotapini upya, kama inavyopaswa, na spoku tatu za nyuma.

Dinamo ya chupa, volti 6 wati 3, inatoa taa ya kutosha kwa kasi ya kawaida. Nikisimama inazima, kwa hiyo nyuma nimeongeza taa ndogo ya betri. Barabara ya bandarini ina malori.

Julai

Pangani. Nimetoka alfajiri, mizigo yote, maji lita 6. Barabara ina sehemu za lami na sehemu za vumbi lenye mikunjo, ile inayotikisa meno. Kusi lilinipiga usoni kuanzia Tongoni na halikuacha. Karibu njia yote nilikuwa gia ya 1 na ya 2, nimekaa, sikusimama juu ya pedeli hata mara moja, na hapo nilimshukuru yule muuza skrepa na meno yake 22. Mwendo ulikuwa wa mtu anayekwenda kwenye shughuli zake, si wa mashindano. Kigombe nilipumzika kwa chai na mihogo. Vijana wawili wakaizunguka baiskeli, mmoja akauliza hiyo mashine ya nyuma ni ya nini. Nikamwinulia gurudumu nikambadilishia gia, akasikiliza ule mlio wa tiki tiki wa gia ya 3, akaniomba nirudie.

Kivukoni Pangani baiskeli zilikuwa nyingi, nyeusi karibu zote, za 28 karibu zote. Ng'ambo, Bweni, mchanga ulinishusha mara kadhaa. Hapo tairi nyembamba haliwezi, na hata hili la 1½ linahitaji upunguze upepo.

Kabla ya kufika Kipumbwi mguu mmoja wa madigadi ya nyuma ulikatika kwenye bolti, ukaanza kugonga tairi. Kijijini nilimkuta fundi chini ya kibanda cha makuti, ana spana, pampu, solusheni na kopo la bolti za kila namna. Alinyoosha bati kidogo, akatoboa tundu jipya kwa msumari na nyundo, akafunga bolti ya Phoenix. Alinitoza 1,000 na akaniuliza kama ninaiuza.

Kurudi kusi lilikuwa mgongoni. Gia ya 3, Kigombe hadi mjini, bila kushuka.

Julai, hesabu

Baiskeli 70,000, magurudumu, yaani ringi, spoku, tairi na tyubu, 96,000, gololi, grisi na kotapini 9,000, raba na waya 8,000, sproketi 5,000 na mnyororo 8,000, gesi 15,000, siti 20,000, mifuko 30,000. Jumla 261,000, ukiondoa mnyororo mdogo kutoka Leicester, ambao binamu amekataa kulipwa. Rangi sifuri. Anayetaka kuanza na fedha kidogo zaidi aache mifuko na keria kwanza, atumie gunia na mipira. Magurudumu asiyaguse kwa kuyapunguzia. Hayo ndiyo yanayobeba kila kitu kingine.

Iliyobaki ni ule mguu wa madigadi, ambao fundi wa gesi atauunga kwa shaba wiki hii, na gololi za usukani zinazokwaruza kidogo nikikata kona. Na yule mzee wa Makorora ametuma salamu kwamba jirani yake ana fremu ya Swala, zile zilizoundwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO, haina magurudumu. Dada yangu anahitaji baiskeli ya kwenda dukani kwake. Jumamosi nakwenda kuitazama, na uzi wa kupimia nimeshauweka mfukoni.